Moto kichaa kijijini: jinsi ya kujipanga kuanzia mkutano wa Mei mpaka korosho ziingie ghalani (Mtwara na Lindi)

Ndugu zangu wa Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu, Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Kilwa na kwingineko huku kusini, hii naiandika kwa ajili ya vijiji vyetu vidogo, vile ambavyo gari la zimamoto likitoka mjini mpaka lifike moto umeshamaliza kazi yake na watu wamekaa chini wanahesabu mikorosho iliyobaki. Kila mwaka ikifika Agosti, Septemba, unasikia shamba la fulani limeteketea, nyumba za watu zimeungua, bibi kaokolewa na majirani dakika ya mwisho, alafu tunachangishana mabati na mahindi, basi imeisha mpaka mwakani tena. Mimi naamini kabisa moto wa Septemba unazuiwa mwezi wa tano kwenye mkutano wa kijiji na mwezi wa sita kwa jembe na panga. Ukisubiri mpaka uone moshi umeshachelewa. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata kalenda yetu na ngazi za kijiji, nani afanye nini na lini.

KWANZA MJUE MOTO WENU UNATOKA WAPI

Mvua zetu zinakata mwishoni mwa Aprili au Mei, kusi inaanza kuvuma, nyasi zinakauka kuanzia Juni, na ikifika Septemba Oktoba majani chini ya mikorosho yamekauka kiasi kwamba ukiyashika yanavunjika mkononi. Kusi inatoka kusini mashariki, maana yake moto mwingi wa kiangazi kwetu unakimbilia kaskazini na magharibi, na unakuwa mkali zaidi kuanzia kama saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni. Hili likae kichwani maana kila kitu huko mbele kinategemea upepo.

Wanaoanzisha moto tunawajua, sio wageni. Kuna mtu anasafisha shamba la ufuta au mahindi anachoma mabua anaondoka. Kuna vijana wanawinda panya, wanawasha nyasi ili panya watoke. Kuna mrina asali anayeacha kinga cha moto chini ya mti. Kuna tanuri la mkaa lililopasuka, wachungaji wanaotafuta majani mabichi, mvuta sigara barabarani. Na majumbani kuna jiko la mafiga matatu lililokaa chini ya paa la nyasi, kibatari, mshumaa, waya za umeme zilizoungwaungwa. Mkikaa mkutanoni mkaanza kulaumu "watu wabaya" mtatoka bila kitu, ila mkiorodhesha hivi kila mmoja anajiona yupo kwenye orodha na mazungumzo yanakuwa ya kweli.

HATUA YA 1: TEMBEENI KITONGOJI KIZIMA (mwisho wa Aprili au Mei mwanzoni)

Mwenyekiti wa kitongoji achukue mzee mmoja anayejua mipaka, mama mmoja anayejua nyumba za watu, na vijana wawili, wapite nyumba kwa nyumba na kaunta buku. Mama nimemtaja makusudi, maana wanaume wakitembea peke yao wanaandika mashamba tu na majiko wanayasahau.

Andikeni nyumba zenye paa la nyasi au makuti na umbali wa nyumba kwa nyumba, mabanda ya jiko, nani anauza petroli ya bodaboda kwenye chupa, nani anatunza salfa (unga ule wa kupulizia mikorosho) ndani, wapi kuna kisima au tenki la kuvunia maji ya mvua, na wapi simu inashika mtandao. Na hili msiliruke: wazee wasioweza kutembea, wagonjwa, walemavu, watoto wanaobaki peke yao wakati mama yupo shamba. Kila mtu wa namna hiyo aandikiwe jirani mmoja kwa jina ambaye kazi yake moto ukitokea ni kumtoa huyo tu, asishike ndoo, asikimbilie gunia, amtoe huyo mzee.

Upande wa mashamba, andikeni mapori yaliyoachwa. Shamba ambalo mwenyewe yuko Dar na halijapaliliwa miaka miwili ndo mlango wa moto wa kitongoji kizima. Mtafuteni kwenye simu mapema, Mei anapokea vizuri tu, Septemba atawaambia hana hela.

HATUA YA 2: PELEKENI KWENYE HALMASHAURI YA KIJIJI, ALAFU MKUTANO MKUU

Hapa ndo watu wengi wanapokwama kwa sababu wanadhani moto ni kazi ya mtendaji au ya bwana misitu. Kwa utaratibu wetu Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25, na ina kamati zake za kudumu, ikiwemo ya ulinzi na usalama. Moto unaingia vizuri kabisa kwenye hiyo kamati. Kama kijiji chenu kina msitu wake mna pia kamati ya maliasili, hao wakae meza moja na ulinzi na usalama, wasigombane nani mkubwa. Alafu Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 nayo imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Muulizeni mtendaji kama yenu imeundwa, kama ipo kwenye karatasi tu basi mkutano huu ndo wa kuiamsha.

Ajenda isiandikwe "mengineyo". Iandikwe "Kinga ya moto kiangazi hiki" na iwe namba mbili au tatu, kabla watu hawajaanza kuondoka kuwahi jiko. Wenyeviti wa vitongoji wasome walichokiona kwenye kutembea, wasisome majina ya kuaibisha watu, wasome hatari. Alafu mkutano uamue vitu vinne tu siku hiyo: nani yuko kwenye kikosi cha moto cha kila kitongoji, lini barabara za moto (ukanda uliosafishwa kuzuia moto usipite) zitalimwa, utaratibu wa kibali cha kuchoma, na ishara ya hatari itakuwa ipi. Muhtasari uandikwe vizuri, mahudhurio yasainiwe, maana mtauhitaji huo muhtasari kwenye hatua inayofuata.

HATUA YA 3: SHERIA NDOGO YA MOTO

Makubaliano ya mdomo yanatosha msimu mmoja. Mkitaka idumu, tungeni sheria ndogo. Kijiji kina mamlaka hayo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, Sura ya 287. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, inaipeleka mkutano mkuu wananchi waijadili, alafu inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Hapo wilayani inaweza kukaa, sitaki kuwadanganya, kwa hiyo mshirikisheni diwani tangu mwanzo na mpeni nakala mkononi, na mwombeni mwanasheria wa halmashauri aipitie rasimu kabla haijapelekwa rasmi, inapunguza kurudishwarudishwa.

Ndani yake wekeni nini? Mimi ushauri wangu ni huu, na najua kuna wenyeviti hawataupenda: msipige marufuku kuchoma kabisa. Marufuku kamili haijawahi kumzuia mtu mwenye ekari mbili, jembe moja na mvua zinakaribia. Kinachotokea ni kwamba anachoma kwa kuvizia, saa saba mchana kila mtu amelala, anawasha anakimbia ili asionekane, na huo ndo moto mbaya kuliko yote kwa sababu hauna mtu. Ruhusuni kuchoma kwa kibali, kibali kiwe BURE, na adhabu kubwa iwe kwa aliyechoma bila kibali au aliyeacha moto peke yake.

Na faini nayo isiwe ya kutisha. Mkiweka faini ambayo mtu lazima auze shamba, hakuna jirani atakayetaja jina, maana aliyechoma ni mjomba wa huyu, shemeji wa yule. Wekeni faini inayolipika, na juu yake fidia kwa aliyeunguliwa na siku za kazi kwenye barabara ya moto. Hela ikilipwa itolewe risiti ya serikali na isomwe kwenye mapato na matumizi. Siku watu wakihisi faini za moto zinaishia mfukoni mwa mtu, sheria yenu imekufa hapohapo.

Kumbukeni pia kuna sheria kubwa juu yenu. Sheria ya Misitu ya 2002 ina vifungu vya moto, na kuchoma nyumba au mazao ya mtu kwa makusudi ni jinai, hiyo ni polisi na mahakama, mwenyekiti asijaribu kuimaliza chini ya mwembe.

HATUA YA 4: BARABARA ZA MOTO (Juni, ikichelewa Julai mwanzoni)

Barabara ya moto ni ukanda uliosafishwa mpaka udongo uonekane. Sio kufyeka tu ukaacha nyasi zimelala, nyasi zilizolala zikikauka ndo utambi wenyewe. Fyeka, kokota, alafu parua kwa jembe. Upana mita tano kwa uchache, na upande wa kusini na mashariki mwa shamba, kule kusi inakotokea, jitahidini zifike kumi. Takataka mlizokokota ziingizeni ndani ya shamba lenu zioze, msizirundike kwenye mpaka wa jirani, hapo mmemwekea kuni.

Jirani na jirani wakilima mpaka wa pamoja kila mmoja anatoa nusu, kazi inaisha kwa asubuhi mbili. Shamba la aliyeko mbali, kijiji kikubaliane kulilimia mpaka wake na gharama iandikwe adaiwe.

Chini ya mkorosho wenyewe sasa. Matawi yetu yanashuka mpaka chini, na majani makavu yanajikusanya humo kama godoro, moto ukiingia hapo unapanda na matawi mpaka juu, na maua ya Julai Agosti yote yanakwenda. Mkorosho ukiungua ukapanda mwingine unasubiri kama miaka mitatu ndo uanze kuona kitu. Kwa hiyo pogolea matawi ya chini mpaka mtu aweze kupita akiwa ameinama, palilia, na majani yasogeze mbali na shina. Wanaopanda upya wafuate nafasi ya mita 12 kwa 12 wanayoelekezwa na mabwana shamba, nafasi hiyo inasaidia mavuno na inasaidia moto usiruke mti kwa mti.

Kwenye misitu ya vijiji kuna kitu kinaitwa uchomaji wa mapema, yaani kuchoma kwa mpango Mei au Juni nyasi zikiwa bado na unyevu, moto unakwenda chinichini unakula nyasi kidogo unaacha miti, ili Septemba moto mkali ukija usikute chakula. Kilwa kwenye misitu ya vijiji yenye mpingo wamekuwa wakifanya hivi. Ni kazi nzuri lakini sio ya mtu mmoja na kiberiti. Ifanywe na kamati ya maliasili pamoja na afisa misitu wa wilaya, kwa ramani na kwa tarehe iliyotangazwa. Asitokee mtu Agosti akasema na yeye anachoma mapema.

HATUA YA 5: KIBALI CHA KUCHOMA SHAMBA

Hii ndo roho ya mwongozo wote, isomeni taratibu.

Anayetaka kuchoma aende kwa mwenyekiti wa kitongoji siku mbili kabla. Mwenyekiti anaandika kwenye daftari jina, shamba lilipo, tarehe, saa, na majirani wa pande zote nne. Mchomaji mwenyewe anawaendea au anawapigia hao majirani. Simu yenyewe haina urefu:

"Shikamoo mjomba."
"Marahaba mjomba, za huko?"
"Salama. Kesho kutwa alfajiri nataka kuchoma kale kaeneo ka ufuta, upande wa bondeni napakana na wewe."
"Umeshalima mpaka?"
"Nimelima, ila karibu upite leo jioni uangalie."
"Nitapita. Na kesho kutwa nitamleta na kijana asimame upande wangu."

Umeona, hakuna ugomvi hapo, na shamba limepata walinzi wawili wa bure.

Masharti ya siku yenyewe: kuanza alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni upepo ukiwa umelegea, na wa jioni aanze tu kama eneo ni dogo na litaisha kabla giza halijawa zito. Upepo ukiwa mkali siku hiyo kibali kimefutika, mwenyekiti asione haya kusema rudi. Watu wasipungue wanne. Kila mmoja awe na tawi bichi lenye majani manene au koleo, na maji hata ndoo mbili, na kama kuna bomba la mgongoni la kupulizia dawa lioshwe vizuri lijazwe maji, linazima moto wa nyasi kuliko ndoo maana unaelekeza pale unapotaka.

Washeni kuanzia upande ule upepo unakokwenda, sio unakotoka. Yaani kusi ikivuma kwenda kaskazini, mnaanza kuwasha ukingo wa kaskazini kabisa, moto unarudi nyuma polepole ukipambana na upepo, hauna mbio. Wengi wanawasha upande wa kusini kwa sababu unaenda haraka na kazi inaisha mapema, na hapo ndo unaruka mpaka.

Alafu visiki. Moto wa juu ukizima watu wanafunga safari wanaenda kunywa chai, kumbe kisiki kinaungua ndani kwa ndani, mzizi nao unabeba moto chini ya udongo, na siku ya pili au ya tatu upepo wa mchana unafukua kaa unalipeleka kwenye majani. Pita kila kisiki, sogeza mgongo wa kiganja bila kugusa, ukisikia joto chimba pembeni, mwaga maji kama unayo, kama huna fukia na mchanga na ukanyage. Rudi jioni, rudi kesho yake. Mwenyekiti asifunge kibali kwenye daftari mpaka mtu arudi kusema visiki vimepoa.

Na vijana wa panya. Wazee wanapenda kuwafukuza kwa matusi, mimi nasema waiteni, waambieni kuanzia Julai mpaka mvua zianze panya ni kwa jembe na mtego, sio moto, na hapohapo waandikisheni kwenye kikosi cha moto. Hakuna watu kijijini wanaojua moto unavyotembea kwenye nyasi kama hao, mnawapoteza bure.

HATUA YA 6: NYUMBANI

Safisha kuzunguka nyumba mita kadhaa, kuni zisirundikwe ukutani, jiko la kuni liwe mbali na paa la nyasi au lijengewe ukuta wa udongo upande wa upepo. Majivu usiyamwage jalalani yakiwa ya moto. Gesi, mtungi ukae mahali penye hewa, ukisikia harufu funga valvu toa mtungi nje usiguse swichi. Umeme, fundi awe anayeeleweka na kila mtu wa nyumba ajue swichi kubwa ilipo.

Ila kuna mambo matatu ya kwetu hasa.

La kwanza ni SALFA. Mifuko ile ya kilo 25 tunaiweka chumbani maana nje itaibiwa, naelewa kabisa. Lakini salfa inawaka, na ikiwaka inatoa moshi unaobana kifua, mtu anaweza kuishiwa pumzi kabla moto wenyewe haujamfikia. Isikae chumba kimoja na jiko, kibatari wala petroli, na asilale mtu humo. Ikishika moto toeni watu kwanza, simameni kule upepo unakotoka, na kama ni kidogo fukieni na mchanga taratibu au nyunyizeni maji kama mvua ndogo. Usitupe ndoo ya maji kwa nguvu kwenye unga wa salfa, vumbi linapaa, na vumbi la salfa hewani linalipuka. Ndo maana pia mashine ya kupulizia usiijaze petroli ikiwa ya moto, na usivute sigara wakati unapuliza.

La pili ni petroli ya chupa. Anayeuza auze mchana, nje, mbali na jiko, ndoo ya mchanga pembeni. Petroli ikiwaka maji yanaisambaza tu.

La tatu ni kubangua. Ganda la korosho lina mafuta makali, ukizikaanga kwenye lile debe au karai lenye matundu yanachuruzika na kuwaka ghafla, moto unaruka juu hata futi kadhaa. Fanyeni uwanjani, mbali na paa, aliyekaanga asimame upande wa upepo unakotoka, watoto mbali, na mchanga uwe tayari, zikishawaka mwagia mchangani uzifunike hapohapo. Mafuta yale yanaunguza ngozi pia.

Msimu wa jando na unyago nao, mabanda ya nyasi, majiko makubwa, jenereta, watu wengi usiku. Kamati ya shughuli iteue watu wawili wasiokunywa usiku huo, walinde majiko na jenereta. Jenereta lisijazwe mafuta likiwa linaunguruma.

Ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima: hakuna sigara, hakuna kupika kivulini mwake, magunia yasizibe mlango, mitungi ya kuzimia moto ikaguliwe na mtu afundishwe kuitumia kabla mnada wa kwanza haujafika. Humo ndani kuna jasho la kijiji kizima, sioni sababu ya ghala kukosa hata ndoo za mchanga.

HATUA YA 7: ISHARA NA KIKOSI

Kila kitongoji watu kumi mpaka kumi na tano, wake kwa waume, kiongozi mmoja na msaidizi wake. Vifaa vya kuanzia sio ghali: mapanga, makoleo, reki, ndoo, filimbi, mabomba ya mgongoni mawili. Viwekwe sehemu moja na ufunguo uwe kwa watu wawili wanaokaa karibu.

Ishara iwe moja na isifanane na nyingine. Rimu ya gari iliyotundikwa shuleni ikigongwa mfululizo bila kupumzika, na spika ya msikiti kutangaza moto uko wapi. Kaeni na imamu na mwalimu mkuu mkubaliane mapema. Kundi la WhatsApp ni zuri ila nusu ya kijiji hawana bando na simu nyingi zimezimwa mchana, msilitegemee peke yake. Alafu jaribuni, siku moja Julai gongeni rimu mkiwa mmeshatangaza kuwa ni mazoezi, muone kitongoji cha mbali kinasikia au hakisikii.

HATUA YA 8: SIKU MOTO UMETOKEA

Gonga ishara. Mtu MMOJA aliyepangwa apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ataje mkoa, wilaya, kata, kijiji, kinachoungua, kama kuna watu ndani, na gari lipitie njia gani, na bodaboda iende barabara kuu ikalisubiri gari. Mpigieni hata kama mnajua wako mbali, na mtendaji ajulishwe wakati huohuo.

Watu kwanza. Nyumba ikiwa imejaa moshi mnatambaa chini, hakuna kurudi kuchukua godoro wala simu. Mtu akishikwa na moto nguo, alale chini agaegae, mfunike na blanketi zito au kanga nzito zilizoloweshwa. Aliyeungua mwagieni maji safi ya kawaida dakika 20, msimpake dawa ya meno, unga wala mafuta, mfunikeni kitambaa safi, zahanati.

Nyumba ya nyasi iliyoshika paa lote huwezi kuiokoa, nguvu yote pelekeni nyumba ya jirani kule upepo unakokwenda, lowesheni paa lake au ling'oeni kabisa. Inauma lakini ndo inavyookoa nyumba kumi.

Moto wa shamba msiukabili mbele ya uso wake. Ingieni kutoka nyuma, sehemu ilipokwishaungua, mtembee na mbavu zake mbili, mnapiga kwa matawi mabichi na kutupa mchanga chini ya ndimi, mnaubana mpaka kichwa kinakuwa chembamba. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji ni shida tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo mchanga ndo maji yetu, jifunzeni kuutupa kwa koleo ukienda kama feni. Watoto hawaruhusiwi, mtu wa ndala arudi, nguo za nailoni zinayeyuka kwenye ngozi hivyo vaeni za pamba. Kila mtu ajue njia yake ya kukimbilia, na iliyo salama zaidi ni eneo lililoungua tayari. Kuwasha moto wa kukutana na moto mwingine aamue kiongozi wa kikosi peke yake, tena kama anaijua kazi hiyo. Mashine za salfa zisisogezwe karibu kabisa.

Ukizima, watu wanne wabaki usiku kucha wanapita visiki na miti mikavu.

HATUA YA 9: KESHO YAKE

Kabla watu hawajaanza kutuhumiana, kamati ya ulinzi na usalama ipite na bwana shamba au afisa kilimo wa kata, wahesabu mikorosho mmoja mmoja, walioathirika waandikwe, picha zipigwe na simu. Bila tathmini ya siku hizo mbili tatu za mwanzo, madai ya fidia yanakuwa maneno tu. Mchomaji akijulikana na akakubali, usuluhishi wa kijiji uandikwe na kusainiwa na pande zote, asipokubali muelekezeni mwenye hasara mahakama ya mwanzo. Hakuna kumpiga mtu, hakuna kumchomea kwake.

Michango ya mabati na chakula ipitie kwa mtu mmoja mwenye daftari, na orodha ibandikwe ofisi ya kijiji.

Alafu mkutano mkuu unaofuata, kabla mvua hazijakolea na watu hawajatawanyika mashambani, daftari la vibali lisomwe: wangapi walichoma kwa kibali, wangapi bila, moto ulitokea wapi, rimu ilisikika wapi na haikusikika wapi, bomba gani limeharibika. Kitongoji ambacho hakikusikia kipewe rimu yake, na mwenye gari bovu aombwe palepale mkutanoni.